Umejuaje? Swali lililonifunza kuandika insha

Kwenye kabati la ofisi yangu kuna insha ya kurasa kumi na moja, fulskepu zilizokwisha kugeuka rangi ya chai. Niliiandika mwaka 1982 nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Pambizoni mwa kurasa hizo mhadhiri wangu aliandika neno moja kwa wino mwekundu, na akalirudia mara kumi na nne: Umejuaje? Hakuna maksi. Hakuna ‘vizuri’ wala ‘jitahidi’. Ni hilo neno tu, na mwishoni, kwa mwandiko uliolala kama nyasi baada ya mvua: “Lete mswada wa pili.”

Mpenzi msomaji, juzi mwanafunzi mmoja alinikumbusha insha hiyo, na nitamfikia. Kwanza nieleze ilivyokuwa.

Insha ilimhusu Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840. Nilikuwa na yakini kwamba nimeandika kitu cha kuwatia watu wivu. Si nilikuwa nimetoka kidato cha sita na sifa zangu? Shuleni, insha ilikuwa mashindano ya mbio. Unapewa mada, unatazama saa, unaanza na methali, unalichomoza jua mashariki hata kama kisa chenyewe ni cha usiku, unatia tashbihi tatu na nahau tano, kisha unamaliza kabla kengele haijalia. Mwalimu akiipenda anaisoma mbele ya darasa. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba insha huandikwa mara mbili. Muda wa kuiandika mara ya pili ungetoka wapi?

Baadaye nilikuja kutambua kwamba neno insha tumelibebesha mizigo miwili isiyofanana. Lenyewe ni la Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuumba au kuanzisha kitu. Makatibu wa watawala wa Kiislamu walikuwa na elimu nzima iliyoitwa kwa jina hilo, elimu ya kutunga barua na hati kwa lugha ya kupendeza. Shaaban Robert alipokiita kitabu chake Kielezo cha Insha mwaka 1954, alikuwa akilisogeza jina hilo katika nathari ya Kiswahili cha wakati wake. Mzigo huo wa kwanza, wa ufundi wa lugha, ndio tuliobebeshwa shuleni.

Mzigo wa pili ulikuja kwa njia nyingine. Makerere ilipofungamanishwa na Chuo Kikuu cha London mwaka 1949, ilipokea pamoja na mitihani ya huko desturi ya Waingereza ya kumpa mwanafunzi swali, kumwacha akahangaike nalo maktabani, kisha kumketisha mbele ya mwalimu atetee alichoandika. Chuo cha Kifalme cha Kiufundi cha Nairobi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1956 na kikaja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1970, kilirithi mtindo huo. Katika insha ya aina hii jua linaweza kuchomoza litakako. Kinachoulizwa ni ushahidi. Lakini sisi tuliziita zote mbili insha, na kijana aliyesifiwa kwa ile ya kwanza alifika chuoni akadhani anaijua ya pili.

Basi ndivyo nilivyofika. Sentensi yangu ya kwanza iliyopigwa mstari ilisema kwamba Muyaka aliandika shairi fulani ili kuwakejeli watu wa Lamu baada ya Vita vya Shela. Juu ya ‘aliandika’, Umejuaje? Juu ya ‘ili kuwakejeli’, Umejuaje? Juu ya ‘baada ya’, Umejuaje? Mara tatu katika sentensi moja! Nilikasirika. Mambo hayo sikuyaota, niliyatoa kitabuni. Nikaenda ofisini kwake na kitabu kwapani, kile cha Mohamed Abdulaziz kuhusu Muyaka, ambacho wakati huo kilikuwa bado kinanukia upya.

Hakukifungua.

“Kitabu hiki kilichapishwa lini?”

“1979, mwalimu.”

“Na Muyaka alifariki lini?”

“Karibu 1840.”

“Hiyo miaka mia moja na thelathini na tisa, shairi lilikuwa wapi?”

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kufikiria kwamba shairi huwa mahali fulani. Nilidhani yapo tu, kama mvua. Akaniambia niende nikalitafute, na nikilipata nimpelekee mswada wa pili. Huo ulikuwa mwezi wa Julai.

Tarehe 1 Agosti 1982 baadhi ya wanajeshi wa anga walijaribu kuipindua serikali. Yaliyofuata yanajulikana. Chuo kilifungwa, na wanafunzi tukakaa nyumbani kwa zaidi ya mwaka mmoja. Nilisafiri hadi kwetu, karibu na Webuye, na sanduku la bati, na ndani yake kulikuwa na nguo, blanketi na zile fulskepu kumi na moja. Wenyeji wa Webuye wa enzi hizo wanakumbuka harufu ya kiwanda cha karatasi iliyokuwa ikitusalimu upepo ukigeuka. Ajabu ni kwamba pamoja na kukaa puani mwa kiwanda, karatasi ya kuandikia kijijini ilikuwa ya kuombana. Nilipalilia mahindi, nikafundisha kwa muda katika shule ya harambee, nikasubiri redio itangaze kwamba tunarudi. Miezi mingi sikuigusa insha. Bado nilikuwa nimenuna.

Niliifungua usiku mmoja kwa sababu sikuwa na kingine cha kusoma. Nikasoma ukurasa wa kwanza kwa mwanga wa koroboi na nikahisi ninasoma maneno ya mtu mwingine, tena mtu wa kujigamba. Alikuwa anasema ‘bila shaka’ kila mahali palipokuwa na shaka. Alikuwa na aya nzima ya kusifu Bahari Hindi ambayo haikuhusiana na lolote. Nikachukua kalamu ya risasi nikaanza kuandika Umejuaje pale ambapo mhadhiri hakuandika. Nilipofika mwisho nilikuwa nimeongeza ishirini na mbili. Kumbe alikuwa amenihurumia!

Sijui kama ningeiona insha ile kwa jicho hilo lau chuo kisingefungwa. Mwandishi akisoma kazi yake siku aliyoimaliza, huwa hasomi kilichoandikwa. Husoma alichokusudia. Mimi nilipewa mwaka mzima wa kusahau nilichokusudia, na sikuuomba.

Usiku ule na zilizofuata nilikata, nikafuta, nikachora mishale, nikaandika juu ya mistari na katikati ya mistari hadi kurasa zikawa nyeusi. Hapa naomba kutoka nje ya njia kidogo, maana hii ni safu ya lugha. Neno mswada tumelichukua kutoka Kiarabu, musawwada, na shina lake ni lile la weusi: ni kitu kilichotiwa weusi. Nakala safi, ile inayoandikwa upya mambo yakishatulia, Waarabu waliita mubayyada, kitu kilichotiwa weupe. Sisi tulilichukua la kwanza tukaliacha la pili. Siku hizi mtu akikwambia ana mswada, mara nyingi anamaanisha faili lililopigwa chapa vizuri lisilo na doa. Kwa maana ya asili huo si mswada hata kidogo, haujatiwa weusi bado. Na hariri, kile kitenzi cha wahariri wa gazeti hili, kinatoka katika mzizi uleule wa Kiarabu uliotupa huru na uhuru. Nilipokuwa nikifuta ile aya ya Bahari Hindi sikujua hilo, ila nakumbuka nilivuta pumzi.

Tuliporudi chuoni nilianza kulitafuta shairi lilikokuwa. Sikwenda mbali, maana nauli ya Mombasa sikuwa nayo. Nilikwenda maktabani, kwenye droo za kadi za katalogi, na kutoka hapo nikashuka nyuma hatua kwa hatua. Kabla ya kitabu cha 1979 kulikuwa na diwani iliyotolewa na William Hichens mwaka 1940. Kabla ya Hichens kulikuwa na karatasi za W. E. Taylor, mmishenari wa Kiingereza aliyeishi Mombasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, ambazo sasa zimehifadhiwa London. Na nyuma ya Taylor alisimama mtu ambaye sikuwa nimemtaja hata mara moja katika kurasa zangu kumi na moja: Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Ndiye aliyeyakusanya mashairi ya Muyaka na kumweleza Taylor maana ya mengi. Na kabla ya Sikujua? Vinywa na vichwa vya watu wa Mombasa, waliokuwa wakiyakariri kwa miongo kadhaa baada ya mwenyewe kufa.

Nimeishi na Muyaka miaka mingi tangu hapo, lakini siku niliyokutana na jina la Sikujua sijaisahau. Tazama jina lenyewe! Mtu anaitwa Sikujua, na yeye ndiye tunayejua kwake. Nilicheka peke yangu maktabani hadi mkutubi akanitolea macho.

Kilichonishtua zaidi ni jambo dogo. Maelezo kwamba shairi hili ni la vita fulani, au kwamba lile lilimlenga mtu fulani, yalikuwa yametufikia kupitia kwa watu waliomfuata Muyaka, kila mmoja akimtegemea aliyemtangulia. Huenda yote ni kweli. Sikujua alikuwa karibu na zama hizo kuliko yeyote kati yetu. Lakini mimi nilikuwa nimeandika ‘Muyaka aliandika ili’, kana kwamba nilikuwa nimeketi naye barazani. Katika mswada wa pili sentensi ile ikawa ndefu, ikabeba majina matatu na tarehe mbili, ikasema kwamba shairi lilihifadhiwa na watu wa Mombasa, kwamba Sikujua alilikusanya, na kwamba wahariri wa baadaye wamelifasiri kuwa linawalenga Walamu. Haikuwa tamu kama ya kwanza, lakini haikuwa na deni la mtu.

Nilipata B. Si A, tusidanganyane. Mhadhiri aliandika Umejuaje mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa na haki.

Darasa letu lilikuwa la watu wachache, na ndiyo maana mwalimu mmoja aliweza kuisoma insha moja mara mbili. Hilo halikudumu. Watahiniwa wa kwanza wa mfumo wa 8-4-4 walifanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1989 na wakaingia vyuoni mwaka uliofuata, wakati ambapo wenzao wa mfumo wa zamani nao walikuwa hawajesha. Mwaka 1998 Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha masomo ya wanafunzi wanaojilipia karo, na vingine vikafanya hivyo pia. Sisemi hayo yalikuwa mabaya. Vijana wengi ambao zamani wangeachwa nje ya lango walipata nafasi, na baadhi yao leo ni wahadhiri wenzangu. Lakini hesabu ni hesabu. Nimewahi kufundisha, katika chuo ambacho sitakitaja, darasa lililojaa hadi wengine wakawa wanaandika noti wakiwa wamesimama dirishani. Insha zilikuja kwa magunia.

Na mimi nilifanya nini? Niliacha kurudisha miswada. Wacha niseme wazi. Kwa miaka mingi nilisoma utangulizi, nikaruka hadi hitimisho, nikaweka maksi, nikageukia inayofuata. Pambizo zilibaki nyeupe. Mwanafunzi aliyenakili kitabu neno kwa neno na mwanafunzi aliyeumiza kichwa usiku kucha walipata alama zinazokaribiana, nao wakaona. Vijana hawahitaji kuambiwa mara mbili kwamba mwalimu hasomi.

Kwa hiyo sikushangaa sana iliponifikia habari kwamba wanafunzi wetu walio hodari wanawaandikia wengine. Biashara hii inafahamika. Kwa miaka mingi Kenya imetajwa duniani kama mojawapo ya vituo vikuu vya kazi ya kuandika insha kwa malipo. Mwanafunzi wa Marekani au Uingereza anatuma swali na kadi ya benki, na kijana wa Roysambu au Juja anakesha akiandika. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2022 ya kuwaadhibu wanaouza huduma hiyo kwa wanafunzi wa England. Mwishoni mwa mwaka uohuo ikatolewa programu ya ChatGPT, na vijana waliokuwa wakiishi kwa kazi hiyo wakaanza kulalamika kwamba wateja wamepungua, kwa kuwa akili unde (wenzetu wa Tanzania huiita akili mnemba) inaandika bila kulala na bila kudai.

Sasa nimfikie yule mwanafunzi. Ni wa uzamili, na mimi ni msimamizi wake. Aliniambia mwenyewe, bila kuona haya, kwamba alijilipia karo ya shahada ya kwanza kwa kuwaandikia wanafunzi wa ng’ambo insha za uuguzi, za sheria, za historia ya nchi ambazo hajawahi kukanyaga. Nilitaka kumkemea. Kisha nikakumbuka pambizo zangu nyeupe, nikanyamaza. Isitoshe, kijana anajua kazi. Marejeleo yake yamepangwa kama askari gwaridani. Aya zake zinafuatana. Ukimwambia Ijumaa, analeta Alhamisi.

Anatafiti msamiati wa wanafunzi wa vyuo vikuu, na katika sura ya tatu alifika kwenye neno mwakenya. Wasomaji waliopitia vyuo vyetu hawahitaji kufafanuliwa: ni kile kikaratasi chenye majibu ambacho mtu hukiingiza kwenye chumba cha mtihani kwa siri. Jina hilo lilikuwa la vuguvugu la chini kwa chini lililoipinga serikali katika miaka ya themanini, ambalo washukiwa wake walikamatwa kwa wingi mwaka 1986. Mwanafunzi wangu aliandika kwamba neno liliingia vyuoni mwaka huohuo, na kwamba sababu ni kuwa kikaratasi cha mtihani kilifichwa kama vilivyofichwa vijikaratasi vya chama. Sentensi safi kabisa. Nikachukua kalamu nyekundu nikaandika pambizoni neno ambalo sikuwa nimeliandika kwa muda mrefu.

Kesho yake aliniletea nakala mpya. Sentensi ilikuwa ileile, ila sasa ilikuwa na marejeleo manne badala ya moja. Nikayafuata. Yote manne yalikuwa yanasema jambo hilohilo bila kuonyesha limetoka wapi. Wa nne alikuwa amemnukuu wa pili.

“Kijana,” nikamwambia, “hii umeitia weupe mapema. Niletee iliyo nyeusi.”

Hakunielewa, ikabidi nimtolee zile fulskepu kabatini. Alizigeuza moja moja kwa uangalifu, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. Alitazama wino mwekundu, akatazama kalamu yangu ya risasi ya Webuye, akahesabu kimoyomoyo. Kisha akauliza ni watu gani waliokuwa vyuoni mwaka 1986 ambao bado anaweza kuwapata. Nikamtajia kadhaa. Alirudi baada ya majuma matatu akiwa na daftari lililochakaa na simu iliyojaa sauti za mahojiano, akaniambia amebakisha mtu mmoja.

“Nani?”

“Wewe, Prof.”

Aliweka simu mezani ikaanza kurekodi. Nilijiegemeza kitini nikamweleza kwa kujiamini kwamba naam, mwaka 1986 nilikuwa mwanafunzi wa uzamili, nikilipwa vijisenti vya kusimamia mitihani ya shahada ya kwanza, na kwamba muhula huohuo ndipo nilipowasikia vijana kwa mara ya kwanza wakikiita kikaratasi mwakenya.

Aliandika. Kisha akainua kichwa.

“Samahani, Prof. Umejuaje kwamba ilikuwa 1986?”

Nilifungua kinywa. Nikaona ukumbi wa mtihani, nikaona madawati, nikalisikia neno lenyewe na vicheko vya waliolitamka. Lakini mwaka sikuuona popote. Huenda ulikuwa 1987. Huenda nimeupata mwaka huo kwenye vitabu vilevile alivyovisoma yeye, nikauweka katika kumbukumbu yangu kana kwamba ulikuwa wangu. Jioni ile nilipekua shajara zangu za miaka hiyo hadi saa tatu usiku. Kuna bei ya mafuta ya taa, kuna tarehe za mitihani, kuna deni la mtu aliyekwisha kufariki. Neno hilo halimo.

Nilimpigia simu nikamwambia. Katika mswada aliouleta Jumatatu, uliojaa mistari iliyofutwa na mishale ya kuelekea huku na huku, nimetajwa katika ukurasa wa sitini na mbili kama mhojiwa wa saba, anayekumbuka kulisikia neno hilo katika nusu ya pili ya miaka ya themanini, na asiye na ushahidi wa maandishi.